Mkono wa Anna Magdalena

Mama yangu alinakili noti za kwaya usiku, sisi watoto tukishalala. Baba alikuwa mwalimu wa kwaya. Alipanga sauti nne kwenye karatasi chakavu, mama akazihamishia kwenye madaftari kwa sol-fa, kalamu ya bluu kwa soprano na alto, nyekundu kwa tena na bezi. Asubuhi tulimkuta na masizi ya kibatari puani. Baba alipofariki, ndugu walikuja wakayabeba madaftari yote kwa kuwa ni “mali ya marehemu”. Mama hakuulizwa neno.

Kwa hiyo nikimsikia mtu akimsifu mtunzi wa muziki Johann Sebastian Bach kana kwamba aliishi peke yake na kinanda chake, moyo unanikataa. Nyumba ile ilijaa watu. Mke wa kwanza, Maria Barbara, alifariki mwaka 1720 Bach akiwa safarini na mtawala wa Köthen, Ujerumani. Aliporudi alikuta ameshazikwa. Desemba 1721 akamwoa Anna Magdalena, binti wa miaka 20, mwimbaji katika jumba la mtawala huyohuyo, tena mwenye mshahara wake mwenyewe. Alipoingia ndani alikuta watoto wanne wa mwenzake. Yeye akazaa 13, saba akawazika wangali wadogo. Hebu fikiri, mama mmoja, majeneza saba ya watoto.

Na katikati ya mimba na misiba hiyo alikuwa akinakili kazi za mumewe. Walihamia Leipzig mwaka 1723, wakaishi ndani ya jengo la shule ya Mtakatifu Thomas aliyoitumikia Bach, kanisa likidai muziki Jumapili baada ya Jumapili. Mwandiko wake ulifanana na wa mumewe hata wataalamu wakachanganyikiwa. Zile tungo sita za selo ziitwazo suti, ambazo leo kila mpiga selo duniani lazima azipitie, nakala ya mkono wa Bach imepotea. Tunazijua zaidi kwa sababu Anna Magdalena alikaa chini akazinakili.

Bach alikufa tarehe 28 Julai 1750 bila kuacha wosia. Mjane akapewa theluthi moja ya mali, watoto tisa wakagawana zilizobaki. Miswada ya muziki, iliyokuwa hazina yenyewe, ilikwenda zaidi kwa wana wakubwa wawili wa mke wa kwanza, Wilhelm Friedemann na Carl Philipp Emanuel. Karatasi za kantata, yaani tungo za ibada, alizobaki nazo Anna Magdalena alizikabidhi kwa shule, ili aruhusiwe kupokea mshahara wa marehemu kwa nusu mwaka. Mwaka 1752 baraza la mji likampa thala 40, fedha ya zama zile, kwa sababu ya umaskini wake, na kwa ajili ya karatasi nyingine za muziki alizozitoa. Karatasi za muziki zikageuka fedha ya kula.

Alifariki Februari 1760, akiishi kwa sadaka za maskini. Wakati huo Carl Philipp Emanuel alikuwa mpiga kinanda katika jumba la mfalme wa Prussia. Kitindamimba, Regina Susanna, alifiwa na baba akiwa na miaka minane. Alizeeka katika ufukara mpaka mwaka 1800 gazeti la muziki la Leipzig likaomba wasomaji wamchangie. Mtunzi Beethoven alikuwa miongoni mwa walioguswa na habari hiyo.

Najua wapo watakaosema sheria za zama zile ndivyo zilivyokuwa. Sawa. Lakini sheria ile ilihesabu vinanda, vitabu na vyombo vya nyumbani. Miaka 28 ya mkono wa mwanamke haikupata mstari. Kwa maoni yangu hiyo ilikuwa dhuluma, iwe Leipzig ya mwaka 1750 au sebuleni kwetu.

Zile karatasi alizozitoa kwa shule hazikupotea. Zingali Leipzig hadi leo, zimehifadhiwa kwa uangalifu mkubwa kuliko alivyotunzwa aliyezitoa.

Madaftari ya mama sijui yaliishia wapi. Ndugu mnaokaa kikao cha mirathi baada ya matanga, kabla hamjafungua sanduku la marehemu, mwiteni mjane akae mbele, mumuulize ni kurasa zipi zilizoandikwa kwa mkono wake.