Ukurasa wa Prosesa Usirukwe

Leo hatuandiki juu ya mgao wala vibali vya kutoka kambini. Tunaandika juu ya menyu. Ni ile menyu ya coreboot, hasa sehemu yake ya prosesa, ambayo fundi mwenye haraka huipita akikimbilia mwisho. Sisi tunasema isirukwe. Tena, kwenye kompyuta inayotumiwa na watu wengi, machaguo yake yafanywe kwa kuwafikiria hao watu, si kwa kufuata jina zuri la uhuru peke yake.

Tuanze na wale ambao neno hili ni geni kwao. Kila kompyuta ina programu ndogo iliyoandikwa kwenye chipu ya ubao wake. Ndiyo inayoamka kwanza ukibonyeza kitufe cha kuwasha, kabla ya Windows, kabla ya Linux. Wengi tunaiita BIOS. Jina la jumla ni femwea. coreboot ni femwea ya wazi: mtu yeyote anaweza kuusoma msimbo wake na kuubadilisha. Ilianza mwaka 1999 kwa jina la LinuxBIOS katika maabara ya Los Alamos, Marekani, kwa kazi ya Ron Minnich na wenzake, na mwaka 2008 ikapewa jina la coreboot. Si kitu cha pembeni. Chromebook nyingi zinazogawiwa shuleni huwaka kwa coreboot tangu zitoke kiwandani, hata kama hakuna aliyekuambia.

Kwa nini sisi tuhangaike nayo? Kwa sababu laptopu zinazotufikia ni za mkono wa pili. Chukua ThinkPad X230, ya mwaka 2012. Ni mashine ngumu, RAM yake inabadilishwa kwa bisibisi moja. Lakini BIOS yake ya awali hukataa kadi ya Wi-Fi isiyokuwa kwenye orodha yake. Kadi ikiungua, huwezi kuokota nyingine sokoni ukaitia hivi hivi. Ukiweka coreboot, hiyo orodha haipo tena. Kwetu sisi jambo hili ni tofauti kati ya laptopu na kipande cha plastiki.

Sasa, kinachofanyika ndani. Prosesa ikiamka, RAM bado haijaamka. Kwa hiyo femwea huanza kazi kwa kuitumia kashe, ile kumbukumbu ndogo iliyo ndani ya prosesa yenyewe, kana kwamba ndiyo RAM. Baadaye inaiandaa RAM ya kweli. Kiini kimoja cha prosesa ndicho huamka kwanza, kisha kinawaita wenzake wanyanyuke, na kila kimoja kinapangiwa mambo yake. Ni kama siku ya usajili: kabla hujapewa kadi, huna chakula wala hema, na lililoandikwa siku ile linakufuata miaka yote. Kilichopangwa hapa mwanzoni, Linux inakikuta tayari.

Mambo haya huchaguliwa kabla ya kutengeneza femwea, kwa amri ya `make menuconfig` au `make nconfig`. Chaguo kubwa kuliko yote ni aina ya ubao. Ukichagua ubao ulio sahihi, mengi ya prosesa yanajipanga yenyewe, pamoja na idadi ya juu ya viini vitakavyoamshwa. Lakini yapo machache yanayoachwa mikononi mwako, na hapo ndipo ubishi wetu ulipo.

Ubishi wa kwanza, na ndio mkubwa, ni maikrokodi. Haya ni maagizo ya ndani kabisa ya prosesa, yanayoiambia namna ya kutekeleza amri. Kiwanda hutoa masasisho yake makosa yakigunduliwa. Sasisho halikai ndani ya prosesa. Umeme ukikatika linafutika, kwa hiyo lazima lipakiwe upya kila mashine inapowashwa. Menyu ya coreboot inakuuliza: uweke yale yaliyokuja na mradi, uweke faili lako mwenyewe, au usiweke kabisa?

Baadhi ya vijana wetu wanasema, usiweke kabisa. Hoja yao tunaijua na tunaiheshimu. Masasisho ya Intel yamefichwa kwa usimbaji na yametiwa saini ya kiwanda. Mtumiaji wa kawaida hawezi kuusoma msimbo wake. Wanauliza, uhuru gani huu wa kutia kitu usichokijua kwenye mashine yako? Swali zuri, jamani. Mtu aliyekimbia nyumbani kwake ana haki ya kutokuamini kitu alichofungiwa macho.

Lakini tuseme ukweli. Prosesa ilitoka kiwandani ikiwa na maikrokodi ndani yake tayari. Ukikataa sasisho hujaiondoa. Umebaki na ile ya zamani, yenye makosa yanayojulikana dunia nzima. Usiri ni ule ule, ila sasa una na matundu. Hata mradi wa Libreboot, uliokuwa ukikataa masasisho haya kwa miaka, ulibadili sera yake mwaka 2022 na kuanza kuyaweka. GNU Boot wao wameshikilia msimamo wa zamani. Ni haki yao. Mtu na laptopu yake mwenyewe, achague anavyotaka.

Laptopu ya kituo ni jambo jingine. Asubuhi kijana anajaza fomu ya masomo. Mchana mama anatafuta barua ya miadi yake. Jioni mwingine anatuma nakala ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Hiyo mashine imebeba majina, namba za kesi na picha za familia. Januari 2018 dunia iliambiwa juu ya Spectre na Meltdown, kasoro za prosesa zinazoweza kumpa mtu njia ya kuchungulia siri zilizo kwenye kumbukumbu ya mashine. Meltdown ilizibwa zaidi kwenye kerneli, lakini sehemu ya Spectre ilihitaji sasisho la maikrokodi, na prosesa za kizazi cha X230 nazo zilitolewa. Je, tuwaache hao mama zetu wazi ili sisi tujisifu kwamba femwea yetu ni safi? Hapana. Weka sasisho. Linux nayo inaweza kulipakia baadaye, sawa, lakini femwea inalitia mapema zaidi, na inafanya hivyo hata kama mtu mwingine atabadilisha mfumo wa mashine kesho.

Ubishi wa pili ni Hyper-Threading, yaani kiini kimoja kufanya kazi kama viwili. Prosesa ya i5-3320M, inayopatikana kwenye X230 nyingi, ina viini 2 lakini Linux inahesabu 4. Shida ni kwamba hao wawili wanakula sahani moja, na kasoro zilizotangazwa Mei 2019, ziitwazo MDS, zilionyesha kwamba mmoja anaweza kunusa cha mwenzake. OpenBSD walikuwa wameshaizima tangu 2018. Maoni yetu: mashine ya kujifunzia, iache iwe na kasi yake. Mashine ya ofisi ya kikundi, yenye karatasi za watu, izimwe. Kwenye bao nyingine coreboot inakupa chaguo la kuizima. Usipoliona, ongeza neno `nosmt` kwenye maagizo ya kuwasha Linux. Mashine itapungua kasi kidogo. Tutavumilia.

La tatu ni VMX, uwezo wa prosesa kuendesha kompyuta pepe ndani ya kompyuta. Hili liachwe limewashwa. Kijana anayejifunza mitandao hana seva tatu za kununua; atazitengeneza ndani ya laptopu moja. Ukilizima kwa kutojua, umemfungia mwenzako darasa zima.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne kwa kila kituo. Kwanza, kabla ya kuandika chochote, nakili femwea ya awali mara mbili na ulinganishe nakala. X230 ina chipu mbili, ya MB 8 na ya MB 4. Nakili zote, na nakala zisikae kwenye laptopu ile ile. Pili, machaguo yajadiliwe na watu wasiopungua wawili, na sababu ziandikwe kwenye daftari kwa Kiswahili cha kawaida. Tatu, usiondoe lile chaguo la kuweka faili la `.config` ndani ya femwea. Kwa kawaida limewashwa, na fundi atakayekuja baadaye ataweza kulitoa kwa `cbfstool` akaona mlichagua nini. Sisi watu wa kambi tunahama. Leo uko hapa, mwezi ujao umeitwa Canada. Daftari linapotea, lakini chipu inabaki na ushahidi. Nne, hakikisha. Ukishawasha, andika `grep microcode /proc/cpuinfo` uone toleo lililopakiwa, halafu fungua folda ya `/sys/devices/system/cpu/vulnerabilities` usome Linux inasema nini juu ya kila kasoro.

Tunajua wapo watakaotupinga, hasa kwa hili la maikrokodi. Karibuni, mlete hoja. Ila mkijibu, msituambie tu kwamba coreboot ni uhuru. Sisi tumeishi na maneno makubwa ya kutosha. Tuambieni yule mama mwenye barua yake ya miadi atalindwaje kwa chaguo lenu. Mkimjibu yeye, mmetujibu na sisi.