Watoto Wetu Wachezee Wapi?

Tunapenda ndugu zetu wanachama watuwie radhi ikiwa safari hii hatutaandika juu ya daftari la wapiga kura wala juu ya viti vya Baraza. Liko jambo lililo karibu zaidi na milango yetu, nalo ni watoto wa kijiji na mahali pao pa kuchezea. Shauri limekwisha kutolewa la kuchanga fedha na kufanya uwanja wa bembea katika uwazi ulioko nyuma ya skuli, na maneno yamekuwa mengi, mengine ya busara na mengine ya kukatisha tamaa. Nasi, kwa kuwa tunakaa dukani tangu alfajiri mpaka baada ya Isha na yote hupita mbele yetu, tumeona si vyema kunyamaza.

Mtu asituambie kwamba watoto wa kisiwani hawana haja ya uwanja madhali wana pwani. Pwani ina maji kujaa, na kina mama wakiwa katika mwani huinama wakawapa watoto migongo. Njia kuu ina lami, na gari za abiria hazipunguzi mwendo kwa ajili ya mtoto anayefukuza ringi. Uwanja wa mpira upo, lakini baada ya Alasiri huwa wa vijana wenye ndevu, na mtoto wa miaka sita akitia mguu hufukuzwa kama kuku. Seuze mtoto wa kike! Huyo hucheza mdako barazani na kuruka kamba kichochoroni, na akishatimia miaka tisa au kumi huambiwa akae ndani, si kwa kuwa sharia imemkataza kucheza, bali kwa kuwa hapana mahali penye stara pa kuchezea. Na yule mwenye mguu mbovu hukaa kizingitini akitazama wenziwe. Hatujui ni nani katika sisi aliyepata kukaa akafikiri juu yake.

Mjini Unguja, Kariakoo, upo uwanja wa kufurahishia watoto, na Chake Chake upo wa Tibirinzi. Hatuvitii ila viwanja hivyo. Lakini mtu naapige hesabu ya nauli ya mama na watoto wanne, kwenda na kurudi, na vile watakavyovitaka wakishafika, kisha aangalie bei ya kilo ya mchele. Kwa mtoto wa shamba uwanja wa namna hiyo ni habari ya Idi, na wapo wasioupata hata siku ya Idi.

Wako wazee wetu wasemao kwamba mchezo ni upuuzi na kwamba fedha hizo zingefaa kwa chuo cha Kurani. Tunawaheshimu, nasi tumelelewa katika chuo hicho hicho, juu ya jamvi na mbele ya bakora. Lakini Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, na ambaye hapana mwalimu wetu asiyemtukuza, ameandika katika Ihyaa kwamba mtoto akishatoka chuoni apewe ruhusa ya mchezo mzuri wa kumpumzisha, kwani kumnyima mchezo na kumlemea kwa masomo daima huufisha moyo wake na kuidumaza akili yake. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, alirefusha sijida kwa sababu mjukuu wake alikuwa amempanda mgongoni, asipende kumharakisha. Basi haiyumkiniki sisi tuwe wakali zaidi kuliko hao.

Wako na wengine, khasa miongoni mwa vijana wa chama, wasemao kwamba kazi hii ni ya serikali. Neno lao lina haki ndani yake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 31, umetaja mchezo na mapumziko kuwa ni haki ya mtoto. Tanzania iliuridhia mwaka 1991, na Zanzibar ikatunga Sheria yake ya Mtoto, nambari 6 ya mwaka 2011. Kudai tutadai, wala hapana atakayetuziba kinywa. Lakini mtoto aliye na miaka sita leo hangoji bajeti. Ikipita mitatu au minne huwa amekwisha kuutoka utoto wake. Tumeona visiwani vyumba vya skuli ambavyo wananchi walisimamisha kuta kwa mikono yao, kisha vikangoja bati mpaka kuta zikaota majani. Ni aibu kwa aliyengojewa, lakini waliokosa kivuli ni watoto.

Sasa tuje kwenye neno zito, nalo tutalisema wazi ijapokuwa wapo watakaotununia. Mtu mmoja mwenye nafasi, tena wa chama chetu, ametuma salamu kwamba yu tayari kuutengeneza uwanja wote kwa mfuko wake, kwa sharti kwamba lango lipakwe rangi za chama na jina lake liandikwe juu. Baadhi ya ndugu zetu wamefurahi kana kwamba mvua imenyesha. Sisi tunasema hapana. Baada ya uchaguzi wa Julai 1957 watu wa visiwa hivi waligomeana maduka, wakatengana katika harusi, na wako waliosusa mazishi ya jirani zao. Mambo hayo yakarejea Pemba baada ya uchaguzi wa 1995, na hayo hatukusimuliwa. Tulikuwa watoto wakati huo, tukajua duka gani tusitumwe na mtoto gani tusicheze naye. Je, hayo ndiyo tunayotaka kuwarithisha watoto wetu kwa rangi ya lango? Mtoto wa mtu wa chama tawala akija kwenye bembea iliyopakwa rangi zetu, mama yake atamwita arudi. Na sisi tungefanya vivyo hivyo kama rangi zingekuwa zao. Bwana huyo, kama ana kheri, naatie mchango wake kama tunavyotia sisi, na jina lake lisomwe katika orodha baina ya muuza samaki na mkwezi.

Juu ya ardhi pana jambo ambalo halijaangaliwa sawasawa. Ardhi ya Zanzibar ilitangazwa kuwa mali ya umma mwaka 1964, lakini kila mtu wa shamba anajua kwamba ardhi ni mbali na mti ni mbali. Katika uwazi ule imo miembe miwili na minazi kadhaa, nayo ina wenyewe, na mmoja ni mjane ambaye nazi hizo ndizo mboga yake. Hatukusikia kwamba ameulizwa. Minazi haiwezi kubaki juu ya vichwa vya watoto, kwani nazi ikianguka haichagui. Lakini isikatwe hata mmoja kabla hajaridhika na kulipwa thamani yake, na fidia hiyo iandikwe ya kwanza katika hesabu, kabla ya msumari. Miembe ibaki, kwa kivuli. Na sheha aarifiwe kwa maandishi, nakala ibaki kwetu, ili asipatikane wa kusema baadaye kwamba hakujua.

Ama fedha, hapa tunazungumza katika kazi yetu. Waliopendekeza mchango wa kila mwisho wa mwezi wamefikiri kama makarani. Mkulima na mvuvi hana mwisho wa mwezi. Sisi tunaokopesha tunajua deni hulipwa lini: kina mama wa mwani hulipa baada ya bamvua, maji yanapotoka mbali wakavuna, na wenye karafuu hulipa msimu. Basi mchango ufuate bamvua, ambayo huja mara mbili kwa mwezi. Tujaalie nyumba 150, kila moja ikitoa shilingi 1,000 kila bamvua. Kwa bamvua 12, yaani kama miezi sita, tutapata shilingi 1,800,000. Wenye karafuu waongeze msimu ukifika. Asiye na kitu alete siku ya kazi, iandikwe sawa na fedha.

Sanduku liwe na kufuli mbili na funguo mbili katika mikono ya watu wawili wasiokuwa wa chama kimoja, na daftari lisomwe hadharani, jina kwa jina, kila baada ya bamvua. Wengi wanaokataa kutoa si mabakhili. Walitoa zamani kwa jambo jingine, wakauliza hesabu, wakajibiwa kwa hasira.

Wala tusianze na makubwa. Vyuma vya madukani huliwa na hewa ya chumvi upesi, na mtoto hukatwa na kutu. Mafundi wetu wa vyombo wanaujua mtondoo na mfenesi, nao wataunga nguzo za bembea kama waungavyo mbavu za mashua. Matairi makuukuu yatakuwa viti, kimoja kikiwa na mgongo na mkanda kwa yule anayekaa kizingitini. Na chini umwagwe mchanga mwingi, usipungue kina cha mguu. Upande mmoja utiwe uwa wa makuti kwa ajili ya wasichana wakubwa. Bembea nne na kivuli zinatosha kwa kuanza.

Daftari limekwisha kupigwa mistari na lipo dukani kwetu. Kabla ya bamvua ijayo tutakwenda kwa yule mjane, watu watatu pamoja na fundi, kuihesabu minazi yake mbele yake. Na mwenye kutaka kufuatana nasi naatuarifu baada ya sala ya Ijumaa.