Ruzuku ya Mbolea na Udongo Uliosahaulika

Ruzuku ya mbolea, yaani fedha za umma zinazofidia sehemu ya bei ili mkulima mdogo aweze kuinunua, hujadiliwa katika Afrika Mashariki na Kusini kama suala la bei na usambazaji: mfuko utauzwa kwa shilingi ngapi, utamfikia mkulima kabla ya mvua au baada ya mvua, na nani atanufaika na tofauti ya bei. Maswali hayo ni ya haki, kwa kuwa mbolea ya kupandia inayofika mahindi yakiwa tayari yamefikia magotini imekwisha kupoteza sehemu kubwa ya kazi yake. Hata hivyo yameliacha nyuma swali linaloyatangulia yote, nalo ni kama udongo unaowekewa mbolea hiyo una uwezo wa kuipokea, kuihifadhi na kuipatia mizizi.

Mwaka 2006 viongozi wa Afrika waliokutana Abuja walikubaliana kwamba matumizi ya mbolea barani yapande kutoka wastani wa kilo 8 za virutubisho kwa hekta hadi kilo 50 ifikapo mwaka 2015. Malawi ilikuwa imeanza mpango wake mkubwa wa ruzuku katika msimu wa 2005/06, Tanzania ikafuata na mfumo wa vocha mwaka 2008, kisha ikarejea na ruzuku kubwa zaidi katika msimu wa 2022/23, baada ya vita vya Urusi na Ukraine kupandisha bei na mfuko wa kilo 50 wa DAP, mbolea ya kupandia yenye naitrojeni na fosforasi, kupita shilingi 100,000. Lengo la Abuja halikufikiwa, na zaidi ya hapo ilibainika kwamba hata pale mbolea ilipofika, mavuno hayakupanda kwa uwiano uliotarajiwa. Si ajabu basi kwamba mkutano wa viongozi wa Afrika uliofanyika Nairobi Mei 2024 ulitaja afya ya udongo sambamba na mbolea, na kuweka lengo la kurejesha rutuba katika angalau asilimia 30 ya udongo uliochakaa ndani ya miaka kumi. Maneno yamebadilika, bajeti bado hazijabadilika kwa kiasi hicho.

Sababu ya mbolea kutozaa matunda kamili imo katika asili ya udongo wa tropiki. Sehemu kubwa ya udongo mwekundu wa nyanda za juu umepigwa na mvua na joto kwa muda mrefu mno, hata madini yake yenye virutubisho yamekwisha kuyeyuka na kuchukuliwa na maji, na ukabaki mfinyanzi wenye chuma na alumini ambao una nafasi chache za kushika kalsiamu, magnesi na potasiamu. Kinachofidia upungufu huo ni mboji, yaani mabaki ya mimea na wanyama yaliyooza na kushikamana na chembe za udongo, ambayo hushika maji na virutubisho na kuvitoa kidogo kidogo. Lakini joto lilelile linaloharakisha ukuaji wa mimea huharakisha pia kuoza kwa mboji, kwa hiyo shamba linalolimwa kila mwaka huku mabua yake yakichomwa au kulishwa mifugo hupoteza hazina yake ndani ya misimu michache.

Juu ya udhaifu huo huja tatizo la tindikali, ambalo wataalamu hulipima kwa kipimo cha pH: chini ya 7 udongo una tindikali, na ukishuka chini ya 5.5 alumini iliyokuwa imefungwa katika madini huanza kuyeyuka na kuwa sumu kwa mizizi. Mkulima anayeng'oa mche wa mahindi katika shamba la namna hiyo huona mizizi mifupi, minene na yenye ncha butu, isiyoweza kwenda chini kutafuta maji, na majani ya mche huo mara nyingi huwa na rangi ya zambarau kwenye kingo, dalili ya njaa ya fosforasi. Fosforasi hiyo huenda imewekwa siku ya kupanda, tena kwa bei kubwa, lakini imekamatwa na chuma na alumini kabla mzizi haujaigusa. Linalosikitisha zaidi ni kwamba mbolea zenyewe huchangia tatizo. Bakteria wa udongoni hugeuza amonia itokanayo na DAP na urea kuwa naitreti, na katika mageuzi hayo hutoka chembe za haidrojeni ambazo ndizo kiini cha tindikali. Naitreti isiyotumiwa na mmea huzama na maji ya mvua, ikiondoka na kalsiamu na magnesi. Ndiyo maana katika maeneo kama Trans Nzoia na Uasin Gishu nchini Kenya, ambako DAP imetumika kwa miongo mingi, kilio cha udongo uliochoka kimekuwa kikubwa miongoni mwa wakulima wanaotumia mbolea, si miongoni mwa wasioitumia pekee.

Wapo wanaohitimisha kutokana na hayo kwamba mbolea za viwandani ziachwe kabisa na nafasi yake ichukuliwe na samadi na mboji. Hitimisho hilo lina nia njema, lakini hesabu hailiungi mkono. Mfuko mmoja wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Ili kupata kiasi hicho kutoka katika samadi kavu yenye naitrojeni ya asilimia 1, zinahitajika tani 2.3, na hata hapo sehemu kubwa haitatoka msimu wa kwanza. Kaya yenye ng'ombe wawili na ekari tatu haiwezi kukusanya samadi ya kutosha mashamba yake yote. Sri Lanka ilijaribu njia hiyo mwaka 2021, serikali ya Rais Gotabaya Rajapaksa ilipopiga marufuku kuingiza mbolea za kemikali ghafla. Mavuno ya mpunga na chai yalishuka, na marufuku hiyo ikalegezwa kabla ya mwaka kwisha. Taifa halihamishi mfumo wake wa chakula kwa amri ya usiku mmoja.

Kosa la pande zote mbili ni kuitazama mbolea na mboji kama mahasimu. Maarifa ya wenyeji hayakuwahi kuvitenga. Katika milima ya Mbinga, mkoani Ruvuma, Wamatengo hulima kwa mfumo wa ngoro: majani hufyekwa na kulazwa chini kwa mistari inayokatizana na kuunda miraba, kisha udongo huchimbwa kutoka katikati ya kila mraba na kufunika majani hayo, hivyo shamba zima huwa na mashimo yaliyozungukwa na matuta. Maharage na mahindi hupandwa juu ya matuta kwa zamu, majani yaliyofukiwa yakioza hulisha mazao, na mashimo hudaka maji ya mvua ambayo vinginevyo yangeporomoka na udongo wote hadi bondeni. Mbolea ya dukani ikiwekwa katika tuta la namna hiyo hukuta mboji ya kuishika. Vivyo hivyo mbaazi zinazochanganywa na mahindi Babati na Kondoa huvuta naitrojeni kutoka hewani kwa msaada wa bakteria waishio katika vinundu vya mizizi yake, na majani yake yanayopukutika hubaki shambani baada ya mahindi kuvunwa.

Mboji peke yake, hata hivyo, huondoa tindikali kwa kiasi kidogo tu. Dawa ya tindikali ni chokaa ya kilimo, yaani mawe ya chokaa yaliyosagwa, ambayo Tanzania inayo kwa wingi, kwa mfano Tanga na Songwe. Hapa ndipo sera inapokwama. Udongo wenye tindikali ya wastani unaweza kuhitaji tani 2 za chokaa kwa hekta, sawa na mifuko 16 ya kilo 50 kwa ekari, ilhali mbolea ya ekari hiyo ni mifuko miwili tu. Chokaa ni rahisi machimboni na ghali shambani, kwa sababu bei yake karibu yote ni nauli. Wakala wa pembejeo hapendi kuijaza stoo, kwani faida yake kwa mfuko ni ndogo. Matokeo ya chokaa huonekana polepole kwa misimu kadhaa. Na mkulima aliyekodi shamba kwa msimu mmoja hana sababu ya kulipia rutuba itakayomnufaisha mwingine. Soko likiachwa peke yake halitaifikisha chokaa kwa mkulima mdogo, na kwa hoja hiyo hasa chokaa inastahili fedha za umma kuliko mbolea, ambayo wafanyabiashara wako tayari kuisafirisha.

Kuna pia fosfati ya Minjingu, mkoani Manyara, yenye kalsiamu nyingi na inayoyeyuka vizuri zaidi katika udongo wenye tindikali, ambayo ingestahili nafasi kubwa zaidi katika mipango ya ruzuku ya nyanda za juu. Lakini si kila shamba linahitaji dawa ileile. DAP na urea hazina potasiamu hata kidogo, wala zinki. Mahindi huirundika potasiamu zaidi kwenye mabua, na mabua yakiondolewa kila mwaka, naitrojeni ya ziada haitaokoa mavuno. Upungufu wa namna hiyo hauonekani bila kupima, na kupima si jambo la ajabu: afisa ugani hupita shambani kwa kuzungukazunguka, akachota udongo wa kina cha sentimita 20 sehemu kumi na tano au zaidi, akauchanganya na kupeleka nusu kilo maabara. Kinachokosekana ni maafisa wa kutosha, na majibu yanayorudi kijijini kabla ya msimu kuanza.

Mfumo wa kidijitali wa kuwasajili wakulima, unaotumika Tanzania tangu msimu wa 2022/23, tayari unajua nani analima wapi na ekari ngapi. Ukiunganishwa na majibu ya vipimo vya udongo, mkulima wa Njombe mwenye udongo wa tindikali ataweza kupata chokaa na mbolea isiyoongeza tindikali, na yule wa Kondoa apate mbegu za mbaazi na mbolea ya kiasi kidogo, wote kwa fedha zilezile za ruzuku. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Bunge linapopitia makadirio ya Wizara ya Kilimo kabla ya siku hiyo, wabunge wa mikoa yenye udongo wa tindikali wadai kujua, pamoja na idadi ya mifuko ya mbolea, ni tani ngapi za chokaa zimetengewa nauli na ni mashamba mangapi yatapimwa.