Lawama Isiyo ya Ukingo

Mkulima wa Iowa, nchini Marekani, hupanda mahindi na soya juu ya ardhi ambayo nyingi yake ilikuwa kinamasi, nayo humfaa kwa ajili ya mabomba yaliyofukiwa chini yake, ambayo hunyonya maji na kuyamwaga mtoni pamoja na nitrati itokayo shambani, hata mji wa Des Moines, unywao maji ya mito hiyo, ukalazimika kujenga mtambo mahususi wa kuiondoa. Mwaka 2010, kandokando ya kijito cha Bear Creek, wataalamu Dan Jaynes na Tom Isenhart walijaribu hila ya kupendeza: waliyageuza maji ya bomba kabla hayajafika mtoni, wakayapitisha katika bomba jingine lenye matundu, lililolazwa sambamba na kijito chini ya ukanda wa majani, ili yapenye taratibu udongoni na bakteria waigeuze nitrati kuwa hewa ya naitrojeni isiyodhuru.

Wenye hadhari wakauliza: je, ukingo ulioloweshwa hivyo hautaporomoka? Suali hili lina haki yake, kwani udongo ulioshiba maji huzidi uzito, na maji yaliyo baina ya chembe zake huzisukuma zisishikane. Lakini kwa rai yangu mshitakiwa, yaani bomba hilo, siye mkosaji. Aghalabu ukingo hauanguki mto ungali umefurika, kwa kuwa maji ya mto yenyewe huuegemea na kuuzuia. Huanguka mto unapokupwa kwa ghafula na ukingo ungali umebeba maji yake, saa ile ile watu wanaposhukuru kwamba balaa limepita, na msiba huo huzifika hata kingo ambazo hazijapata kuliona bomba.

Fauka ya hayo, penye njia panda ya mabomba huwekwa sanduku lenye mbao za kupachika na kung'oa, ambazo kwazo kimo cha maji hupandishwa au hushushwa, na yanayozidi huenda zake mtoni.

Kwa hiyo yanayostahili kupimwa ni kimo cha ukingo, ukali wa mteremko wake, na kama ni mchanga au mfinyanzi. (Nasi Tanzania, tuliowekewa na sheria ya mwaka 2004 masafa ya meta 60 kutoka mtoni, aghalabu hupima masafa tu na kuusahau udongo.) Pale ambapo gema limesimama wima na mto ungali ukilichimba kitakoni, mimi mwenyewe ningelikataa bomba; kwingineko, anayelipinga na alete vipimo.