Kengele Inapowakuta Shambani



Ipo picha moja ya Kifaransa ambayo ingefaa kila frateri aitazame kabla ya kutumwa parokiani. Inaitwa L'Angélus, yaani sala yetu ya Malaika wa Bwana. Jean-François Millet aliichora kati ya mwaka 1857 na 1859. Ni ndogo, upana wake sentimita 66 tu, na leo imehifadhiwa katika Makumbusho ya Orsay jijini Paris.

Wamo mwanamume na mwanamke waliosimama shambani jua likizama. Walikuwa wakichimba viazi. Mwanamume amevua kofia, mwanamke amefumbata mikono kifuani. Uma wa kuchimbia umechomekwa ardhini, kikapu kipo miguuni pao, magunia yapo kwenye toroli. Mbali kabisa unaonekana mnara wa kanisa.

Padre hayumo katika picha hiyo, wala altare. Kengele imelia kule, sala imefanyika huku, kati ya matuta. Millet alikuwa mtoto wa wakulima wa Normandy. Alieleza kwamba wazo hilo lilimjia kwa kumkumbuka bibi yake, ambaye kila aliposikia kengele aliwasimamisha kazi ili wawaombee marehemu.

Watu hao tunawafahamu. Hapa Nyamagana wapo Buhongwa wakipalilia mahindi, wapo ufukweni wakianika dagaa, na vijijini wapo akina mama wanaokata viazi vya michembe. Sisi seminarini saa 6 mchana tunasali Malaika wa Bwana, kisha tunakwenda kula chakula kilichopikwa na wengine. Mama anayesimamisha jembe wakati mawingu ya mvua yanakusanyika anatoa kitu. Sala yake ina gharama.

Ndiyo maana naona si haki tunapoipima imani ya waamini kwa daftari la mahudhurio ya jumuiya pekee. Msimu wa kilimo ukifika, asiyeonekana Jumatano jioni huitwa mlegevu. Je, tumewahi kumfuata alipo tukaona anavyosali?

Mtu atasema kwamba maneno haya yanawapa wavivu kisingizio cha kukwepa Misa na jumuiya. Sivyo. Dominika ni Dominika, na amri ya Kanisa haibadiliki. Tena wale wawili waliweza kusali shambani kwa sababu kuna aliyegonga kengele, na kuna bibi aliyefundisha watoto. Mahali ambapo kengele imenyamaza na hakuna wa kufundisha, shamba linabaki kazi tupu. Wajibu huo ni wetu.

Kuna hatari nyingine. Millet aliiuza picha hiyo kwa faranga zipatazo 1,000. Mwaka 1889, miaka 14 baada ya kifo chake, iligombewa mnadani Paris hadi ikafika faranga 553,000. Matajiri walishindana kununua wakulima wawili waliochorwa, wakati wakulima wenyewe waliendelea kuinama. Nasi twaweza kuusifu uchaji wa mkulima katika mahubiri huku hatujui mwaka huu ameuza pamba yake kwa bei gani.

Tunao mfano mzuri karibu yetu. Padre David Clement wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, mwanzilishi wa makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, alijifunza kwanza maisha ya watu, ngoma zao na vyombo vyao, akaona kwamba vinaweza kuingia kanisani bila aibu.

Napendekeza mambo mawili. Frateri aliye katika mwaka wa kichungaji ashike jembe pamoja na waamini angalau siku moja kwa juma wakati wa msimu, na saa 6 ikifika asali nao hapo hapo. Na kila jumuiya ihakikishe watoto wake wanaijua Malaika wa Bwana kwa moyo kabla ya Komunyo ya Kwanza. Hayo hayahitaji michango wala kamati. Yanahitaji frateri aliye tayari kuchafua viatu.