Herufi Isiyo na Soko



Juma lililopita mmoja wenu aliniuliza kwa nini herufi ŋ ya Kiganda, katika neno kama eŋŋoma, huonekana kwenye baadhi ya tovuti kama mgeni aliyeketishwa kati ya wenyeji asiofanana nao: nene kuliko jirani zake, au yenye mkia wa mtindo mwingine. Nilimjibu kwamba kisa hicho kinahusu soko zaidi kuliko imla.

Kivinjari kikikosa herufi katika fonti iliyochaguliwa, huiazima kutoka fonti nyingine. Mgeni wetu, basi, ni wa kuazimwa.

Hapo kwanza tovuti zilitegemea fonti zilizokuwamo tayari katika kompyuta ya msomaji. Mwaka 1996 Microsoft ilianza kugawa bure fonti chache, zikiwamo Verdana na Georgia, nazo zikaenea kote. Kanuni za CSS za mwaka 1998 ziliruhusu tovuti kuleta fonti yake yenyewe, lakini wasanifu wa herufi waliogopa kuibiwa kazi yao, na vivinjari havikuafikiana juu ya muundo wa faili. Hamu ilikuwapo, bidhaa haikuwapo. Safari ilifungua mlango mwaka 2008, Firefox ikafuata mwaka 2009, na mwaka 2010 Google ikaanza kutoa fonti bila malipo. Ghala likafurika.

Likafurika kwa nani? Fonti za alfabeti ya Kilatini zimo humo kwa mamia. Za Kiethiopia, zinazohitajiwa na wasemaji wa Kiamhari kwa mamilioni, ni chache.

Hapa Kiswahili chetu kinatutega. Wachumi husema "ugavi na mahitaji", ilhali kwetu mahitaji ni yale ambayo mtu hawezi kuyakosa akaishi vyema. Soko halina masikio ya kusikia mahitaji ya namna hiyo. Husikia ombi lenye fedha nyuma yake, au angalau lenye wasomaji wanaohesabika. Mganda anaihitaji ŋ. Lakini haioni kwa urahisi kwenye kibodi ya simu yake, basi huandika ng' au ng na kuendelea na shughuli zake. Msanifu wa herufi akichungulia mtandaoni huikuta ŋ mara chache, naye huhitimisha kwamba hakuna anayeitaka. Uhaba wa bidhaa umemficha mteja.

Ndiyo sababu siafikiani na wanaosema kwamba lugha ndogo zisubiri, soko litazifikia. Litazifikiaje, ikiwa kila siku ya kusubiri inapunguza dalili za kuwapo kwao? Wengine huniambia ng' yatosha, mbona Kiswahili kinaridhika nayo katika ng'ombe? Kweli, kwa sababu ndiyo imla yake. Kiganda nacho kina imla yake, na kuiacha kwa sababu fonti haina herufi ni kuwaachia wauzaji wa mbali watuamulie tahajia.

Tovuti ya shule yetu inaundwa upya muhula huu. Wanaoiunda wamenionyesha fonti tatu, zote nzuri. Nimewaomba waandike eŋŋoma kwa kila moja kabla hatujachagua.