Koki ya shawa

Jumapili Neema alipiga kelele bafuni: maji yamegeuka moto ghafla. Maji ya London yana chokaa nyingi, nayo huganda ndani ya koki ya kuchanganyia hadi ishindwe kupima joto. Shawa za wodini kwetu hazivuki nyuzi 41; kwa nyuzi 60 ngozi ya mtoto huungua ndani ya sekunde chache.

Nilishashika bisibisi. Mume wangu akasema, "Mama Neema, nyumba si yetu hii." Kweli. Sheria ya mwaka 1985 inamtaka mwenye nyumba atengeneze mabomba na vifaa vya kuogea. Nikamwandikia, nikaambatanisha picha. Fundi akaja Alhamisi, akafunga maji, akabadili koki nzima.

Siku zile tulioga kwa ndoo na kopo, kama Tanga. Sasa Neema hataki tena shawa.